Campus Maana Yake Uwanja. Sasa Wetu Uko Wapi?

Neno campus ni la Kilatini, na maana yake ni uwanja. Ardhi tambarare, iko wazi, kama ile ya nyuma ya shule ya msingi ambapo goli ni mawe mawili na refa ni yule mwenye mpira. Nimelifukuza hili neno wiki nzima badala ya kuhariri video, na mhariri wangu, ambaye pia ni mimi, amenuna.

Kilichonisukuma ni swali ambalo nyote mnalijua. Ukishagonga miaka ishirini hapa Kenya huwezi kwenda matanga, harusi ama hata kununua chapati kwa jirani bila mtu kukuuliza, "Uko campo gani siku hizi?" Hakuna anayeuliza unasoma nini. Hakuna anayeuliza kama unaelewa. Ni campo gani. Mimi nikisema niliacha, uso wa mwenye kuuliza unakaa kama simu inayotafuta mtandao, halafu anasema "ni sawa tu, Mungu ni mwema" na kugeukia binamu yangu anayesomea uhandisi. Basi nikasema wacha nijue hiki kitu ninachoulizwa kila wiki ni kitu gani hasa.

Tuanzie Roma. Nje ya mpaka mtakatifu wa mji ule wa kale, pale mto Tiber unapopinda, kulikuwa na uwanja mkubwa ulioitwa Campus Martius, Uwanja wa Mars. Mars alikuwa mungu wao wa vita. Vijana walifanyia mazoezi hapo, farasi, mikuki, mbio, halafu wanaruka mtoni. Jeshi lilijipanga hapo kwa sababu halikuruhusiwa kukusanyika likiwa na silaha ndani ya ule mpaka. Raia walihesabiwa hapo. Na kura za kuchagua wakubwa wa nchi zilipigwa hapo pia, watu wakiwa wamesimama kwa makundi, mpaka ikafika mahali Mrumi akisema campus anaweza kuwa anamaanisha uchaguzi wenyewe. Ni vile sisi tukisema Bomas mwezi wa Agosti, hakuna anayefikiria ngoma za kienyeji.

Mambo yalikuwa moto hapo. Julius Caesar mwenyewe aliuawa mwaka wa 44 kabla ya Kristo kwenye ukumbi wa Pompey, na ukumbi huo ulikuwa umejengwa kwenye uwanja huo huo. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Sasa ruka karne nyingi, uvuke bahari. Kuna chuo Marekani, kabla Marekani haijawa nchi, kilichoitwa College of New Jersey. Leo tunakiita Princeton. Mwaka wa 1756 kilihamia kwenye mji huo wa Princeton, kwenye jengo moja kubwa la mawe linaloitwa Nassau Hall. Kule Uingereza, Oxford na Cambridge zilikuwa zimezoea kujenga kwa mraba: majengo yanazunguka pande zote, ua uko katikati, geti ni moja na bawabu anakuangalia kuanzia viatu. Princeton walisimamisha jengo lao na kuacha ardhi wazi mbele yake, mpaka barabarani. Harvard wao waliita ardhi yao Yard na hawajabadilisha mpaka leo. Princeton wakachukua Kilatini, kwa sababu wasomi wa wakati huo walipenda Kilatini vile sisi tunapenda kuongea kwa lafudhi tukipigiwa simu na benki.

Maandishi ya kwanza yanayojulikana yakitumia campus kwa maana ya uwanja wa chuo ni barua ya mwanafunzi wa hapo, ya Januari 1774. Na hapa ndipo nilisimama nikaenda kupika chai, nikacheka peke yangu jikoni, kwa sababu barua yenyewe inahusu chai. Mwezi uliotangulia, Desemba 1773, watu wa Boston walikuwa wamemwaga shehena ya chai baharini kupinga ushuru wa Waingereza. Wanafunzi wa Princeton wakasema hawawezi kubaki nyuma. Wakachukua chai yote aliyokuwa ameweka mtunza stoo wa chuo kwa ajili ya msimu wa baridi, karibu ratili kumi na mbili, wakawasha moto campus, wakaichoma. Wakapiga kengele. Wakapitisha maazimio. Wakachoma na sanamu ya Hutchinson, gavana wa Massachusetts, ikiwa imefungwa kopo la chai shingoni.

Soma tena hapo. Neno hili linaingia kwenye maandishi siku ambayo kumenuka. Hakuna mhadhiri kwenye hiyo picha, hakuna mtihani, hakuna kadi ya maktaba. Kuna wanafunzi wamekusanyika mahali wazi, wamekasirika, wana jambo wanataka kusema pamoja. Makomredi kabisa.

Na ukiangalia ukoo wa neno hili utaona hiyo damu haijapotea. Kampeni inatoka humo: majeshi ya Ulaya yalikuwa yanajificha kambini wakati wa baridi na kutoka uwandani hali ya hewa ikitulia, na huko kutoka ndiko kukaitwa hivyo, kabla ya wanasiasa kulichukua neno na kuliweka juu ya lori lenye spika. Championi ni yule anayepigana uwanjani. Champagne ni jimbo la Ufaransa lenye nyanda, halafu likawa jina la ile chupa ambayo mtu akiifungua klabu lazima taa ziwake. Na hili ndilo ninalolipenda zaidi: sisi Wakenya tumefupisha neno tukasema campo, tukidhani tumetengeneza sheng. Kumbe Mhispania, Mreno na Mwitaliano wote wanasema campo, na kwao maana yake ni shamba au uwanja. Kwa hivyo ukimwambia Mhispania "niko campo" atadhani uko ushago unalima. Tulilivunja neno la Kiingereza na ndani yake tukakuta babu yake.

Kiswahili kilipita njia nyingine kabisa. Chuo, katika Kiswahili cha zamani cha pwani, ni kitabu. Ule utenzi wa Tambuka ambao mswada wake ni wa mwaka wa 1728 unaitwa pia Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Kutoka kitabu, neno likahamia mahali ambapo kitabu kinasomewa, watoto wakaenda chuoni kusoma Kurani, na mwenye elimu ya dini akaitwa mwanachuoni. Baadaye sana tukaongeza "kikuu" nyuma yake na kumpa chansela kofia. Kwa hivyo mmoja amekipa kitu jina la ardhi watu wanaposimama, mwingine amekipa jina la kile wanachosoma. Sitaki kusema nani ni mjanja zaidi. Naona unahitaji vyote viwili, na mimi nililipia vyote viwili nikapewa nusu ya kimoja.

Magazeti ya Kiswahili hapa kwetu yanatumia "bewa", na Watanzania wanasema kampasi. Bewa ni neno zuri. Ila sijawahi kusikia mtu ndani ya mathree akimwambia makanga, "Nishukishe hapo bewani."

Basi tuje nyumbani. Kenyatta University, wengi mnapita hapo Thika Road kila siku, ilikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, Kahawa. Mwaka wa 1965 Waingereza waliikabidhi serikali mpya ya Kenya na ikageuzwa kuwa Kenyatta College. Uwanja wa Mars hasa, bila mtu kupanga. Mahali palipofunzwa askari wa mkoloni, wakafunzwa walimu wetu. Egerton kule Njoro ilianza 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi, kwa hivyo kule campo ilikuwa campo ya Mhispania: shamba. Makerere iko juu ya kilima. Dar es Salaam iko kilimani pia na wenyewe wanaiita tu Mlimani, na kila mtu anaelewa. Ukiangalia vyuo hivi vya kwanza vya huku kwetu, unaona watu waliovianzisha walikubaliana kwamba chuo kinaanza na ardhi. Majengo yatakuja.

Kampasi yangu mimi ilikuwa ghorofa ya tatu.

Chini kulikuwa na duka la vyuma na saruji. Ghorofa ya kwanza, sacco. Ya pili, kinyozi na kanisa, na kanisa lilikuwa na ibada ya Jumatano saa sita, kwa hivyo takwimu nilifundishwa huku kinanda kinapigwa chini ya miguu yangu. Ukitoka darasani uko kwenye ngazi. Ukitoka kwenye ngazi uko barabarani, na mwenye duka la vyuma anakufukuza kwenye veranda yake kwa sababu unazuia wateja. Kwenye brosha kulikuwa na picha ya nyasi, kijani kibichi, vijana watatu wamekaa wanacheka na vitabu. Nyasi zilikuwepo kweli. Zilikuwa kwenye makao makuu ya chuo, safari ya saa nne kwa basi.

Sisemi ni chuo gani na msiulize. Kiko kama kingine na kingine, na ukweli ni kwamba nilikuwa na wahadhiri wawili wazuri sana hapo, watu waliokuja na nauli yao na kufundisha kama wako Harvard. Shida yangu si wao. Shida yangu ni hii. Muhula wa pili nilikosa maksi za somo moja. Nilifanya mtihani, nilikaa kwenye kiti, nilisaini, lakini kwenye mfumo hakuna kitu. Nikaenda ofisini peke yangu, nikaambiwa niandike barua peke yangu, nikarudi wiki iliyofuata peke yangu. Nilishaondoka hapo zaidi ya mwaka ndipo nikakutana na jamaa kwenye kazi ya kurekodi harusi, tukaanza kupiga stori, tukagundua tulikuwa kumi na mmoja tuliokosa maksi za somo lile lile, muhula ule ule. Kumi na mmoja! Kila mmoja aliandika barua yake. Kila mmoja alidhani ni yeye tu ana bahati mbaya.

Sasa fikiria kama kungekuwa na mti. Mti mmoja tu na benchi chini yake. Mtu mmoja angelalamika kwa sauti, wa pili angesema "hata mimi", na kufikia saa nane mchana tungekuwa watu kumi na mmoja mlangoni kwa mkuu wa idara. Hatukuwa na pa kukaa hata dakika tano tukalalamika. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la darasa, ndiyo, lakini lilikuwa limefungwa, admin pekee ndiye anaandika, na admin alikuwa ofisi ya karo.

Baadaye tawi lile lilifungwa. Tukapewa barua kwamba tuhamie makao makuu muhula ujao. Mimi nilikuwa nasoma nikilala kwetu, nauli shilingi hamsini kwenda, hamsini kurudi. Huko kwingine kulihitaji hosteli, chakula, na pesa ambayo mama yangu hakuwa nayo na hakuwa na mahali pa kuitoa. Ndivyo nilivyoacha. Watu wanapenda kuniuliza kama nilikuwa mtundu ama nilikuwa na ndoto kubwa ya kontenti. Hapana, ilikuwa hesabu.

Haya matawi hayakutoka hewani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuchukua wanafunzi wa kujilipia, wale wa Module II, mwaka wa 1998, na pesa ikaonekana tamu. Vyuo vingine vikafuata. Kila mji wenye steji ya matatu ukapata ubao wa chuo juu ya supamaketi. Wazazi wakauza ng'ombe. Halafu mtihani wa KCSE wa 2016 ukaja na usimamizi mkali: mwaka wa 2015 waliopata C+ kwenda juu walikuwa karibu 170,000, mwaka uliofuata wakawa chini ya 90,000. Wateja wakapungua karibu nusu kwa mwaka mmoja. Serikali nayo ikawa inapeleka wanafunzi wake hadi vyuo vya kibinafsi. Matawi yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, mengine kwa amri ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, mengine kwa kushindwa kodi ya nyumba. Ukipanga ghorofa unaweza kufukuzwa. Hata duka la vyuma linajua hivyo.

Rafiki yangu mmoja aliye mwaka wa nne alisoma nilichoandika mpaka hapa akanirudishia noti ya sauti ya dakika sita. Kwa ufupi: "Bro, nyasi hazifundishi kalkulasi." Na akaongeza kwamba vyuo vikuu vya kwanza kabisa vya Ulaya havikuwa na kampasi. Yuko sahihi. Bologna walianza kwa vyumba vya kupanga mjini, kama sisi. Neno lenyewe, universitas, lilimaanisha chama cha watu, wanafunzi na walimu kwa jumla yao. Halikumaanisha jengo.

Lakini endelea kusoma hiyo historia, usiishie ukurasa wa kwanza. Bologna wanafunzi ndio walikuwa na chama chenye nguvu. Wao ndio walimlipa mwalimu, na mwalimu akichelewa anatozwa faini. Wakikosana na mji, wanabeba vitu vyao na kuhama. Padua ilianza hivyo mwaka wa 1222, watu waliotoka Bologna. Cambridge ilianza hivyo 1209, watu waliokimbia Oxford. Hawakuwa na uwanja kwa sababu wao wenyewe walikuwa uwanja, na mji ulijua wakiondoka, kodi ya nyumba inaondoka nao. Nionyeshe tawi moja la ghorofa ya tatu ambapo mwanafunzi aliwahi kumpiga faini mhadhiri kwa kuchelewa, nami nitafuta hii posti.

Mfano wa karibu zaidi ni Dar. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria. Jengo la chama cha siasa, katikati ya mji! Kufikia 1964 kilikuwa kimehamia mlimani. Kwa hivyo kuanzia ghorofani si dhambi. Tofauti ni kama kuna mlima mtu amekuahidi na anaujenga, ama brosha tu.

Kuna neno tunalo Kenya ambalo linanifanya niamini sisi tunaelewa campus vizuri kuliko tunavyojua. Kamukunji. Kila komredi analijua: "Leo kuna kamukunji saa kumi." Ni mkutano wa wanafunzi, wa wazi, wa kelele, hakuna ajenda iliyochapishwa. Hata wabunge wakitaka kukutana nje ya kikao rasmi wanasema wana kamukunji. Lakini Kamukunji ni uwanja. Ni kile kiwanja cha huko Eastlands, karibu na Gikomba, ambapo tarehe 7 Julai 1990 watu walienda kudai vyama vingi, waitishaji wa mkutano wakiwa tayari wamewekwa kizuizini, na polisi wakawatawanya. Saba Saba. Jina la uwanja likageuka kuwa jina la kukusanyika, na wanafunzi wakalibeba mpaka vyuoni. Warumi walifanya hivyo hivyo na Campus Martius. Hakuna aliyetufundisha Kilatini, tumefika wenyewe kwa mathree.

Na wenye mamlaka wanaelewa pia. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wanafunzi walipoonekana kushangilia barabarani, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, wanafunzi wakarudishwa makwao. Miaka yote iliyofuata, vurugu zikianza, hatua ya kwanza ni ile ile: ondokeni chuoni kufikia saa fulani. Huwa hawasemi acheni kusoma. Wanasema tokeni uwanjani.

Kuta ni jambo jingine, na hapa sitaki kuongea kwa wepesi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wangu wa sasa. Baada ya hapo geti la kila chuo likabadilika, ukaguzi, kadi, wengine alama za vidole. Siwezi kumwambia mzazi aliyepoteza mtoto Garissa kwamba uwanja unapaswa kuwa wazi kwa kila mtu kama wa Princeton ya 1774. Ukuta una sababu. Ninachouliza ni ndani ya ukuta kuna nini. Kama ndani kuna mahali wanafunzi wanaweza kusimama mia mbili na kuongea bila kibali, ukuta unawalinda. Kama ndani ni parking, sijui unalinda nini.

Najua kuna wenzangu watachukua hii posti na kuweka kwenye ile hadithi ya "digrii ni karatasi, angalia Zuckerberg". Tafadhali msinishike vibaya. Zuckerberg aliacha Harvard, lakini kitu chake alikianzia bwenini humo mwaka wa 2004, na kilikuwa cha watu wa chuo kujuana kwa sura. Yaani aligeuza kampasi kuwa tovuti halafu akaondoka. Alikuwa ameshautumia uwanja. Na hawa matajiri wa teknolojia walipojenga ofisi zao, waliziita nini? Campus. Microsoft wana campus, Google wana campus, wana miti na baiskeli na viti vya nje, kwa sababu wanajua watu wazuri wakikutana bila kupanga kuna kitu kinatokea. Mtu anayekuambia wewe wa Umoja ama Kisauni kwamba hauhitaji kampasi, mara nyingi anaiandikia posti hiyo kampasini.

Mimi uwanja wangu wa sasa ni besi, pale kwa fundi wa pikipiki, na ni besi nzuri. Tunabishana mpaka usiku. Kuna jamaa hapo anaijua katiba kuliko MCA wetu, ingawa hiyo si sifa kubwa. Katikati ya Nairobi, Jeevanjee Gardens, kuna watu wamekuwa wakikutana tangu miaka ya tisini, wanajiita Bunge la Mwananchi, wanakaa kwenye mabenchi ya bustani na kujadili bei ya unga na sera za kigeni kwa hasira sawa. Nilipita hapo siku moja nikasimama saa nzima. Ilikuwa kampasi kuliko ile niliyolipia. Lakini hakuna anayekupa maksi pale, hakuna maktaba, hakuna mtu anayelazimika kukusahihisha ukikosea, na mtu mwenye sauti kubwa anashinda hata akiwa amepotoka. Uwanja bila kitabu una shida yake, na sitaki kuwauzia nusu kama mimi nilivyouziwa.

Kwa hivyo wewe uliyemaliza kidato cha nne na una barua mkononi, ama una brosha, kuna kazi ndogo ya kufanya kabla mzazi hajatuma karo. Nenda pale siku ya wiki, bila kupiga simu. Usiende siku ya kukaribisha wageni, siku hiyo hata rangi iko mbichi. Nenda saa saba mchana. Angalia wanafunzi wanaenda wapi darasa likiisha. Kama wanatawanyika kuelekea steji kama watu waliotoka benki, jua umeona. Tafuta kibandaski ya karibu, agiza chapo ndengu, uliza walio mezani mara ya mwisho kamukunji ilikuwa lini na ilihusu nini. Uliza aliyekosa maksi alisaidiwa na nani. Uliza jengo ni la nani, la chuo ama la mtu. Halafu rudi kwa yule wa ofisi ya udahili mwenye tai, mwambie akuonyeshe kwa kidole mahali ambapo wanafunzi wote wanaweza kusimama pamoja. Akikuonyesha ngazi, muulize zinabeba watu wangapi.